Ukimpeleka mtoto kusoma Baiolojia: Safari ya Mlimani, Kunduchi na Morogoro

Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, kwa kawaida mwezi Julai, daladala zinazoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hubadilika abiria. Wanafunzi wengi wako likizo au wametawanyika mikoani kwa mafunzo kwa vitendo. Viti vinakaliwa na wazazi wenye bahasha za kaki mapajani, na vijana wao wanaotazama dirishani kana kwamba hawakuja na mtu.

Si lazima kupanda kilima hicho ili kuomba chuo. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa chuo anachokitaka, na kazi yote inaisha kwenye simu. Lakini wapo wazazi wanaotaka kuona kwa macho, hasa kwa kozi za Baiolojia, ambazo majina yake yamekuwa mengi hadi mtu hajui achague lipi aache lipi.

Mama mmoja wa Singida, muuza mitumba, ni wa kundi hilo. Binti yake alisoma PCB akapata B ya Baiolojia, C ya Kemia na E ya Fizikia. Kwa hesabu za udahili, ambako A ni pointi 5 na E ni pointi 1, jumla yake ni 8. Mwaka jana waliomba udaktari peke yake, vyuo vitatu. Vyote vitatu havikumchukua, kwa sababu kwenye ushindani ule E ya Fizikia ni mlango uliofungwa. Mwaka mzima binti akabaki kukunja nguo mnadani.

"Mwaka huu siombi kwa kubahatisha," anasema mama. "Nataka nione wanapofundishia."

Walifikia Kimara kwa mjomba wa binti, dereva wa bajaji, ambaye ushauri wake aliutoa kabla hata chai haijamiminwa: waombe kitu chochote chenye neno maabara, kwa sababu maabara ni hospitali na hospitali haikosi kazi. Neno hilo liliwafuata safari nzima.

Mlimani penyewe ni pazuri, hilo halina ubishi. Chuo kilianza 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikahamia kilimani 1964, na 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500, bado ndio mahali pa kupigia picha. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 kwa msaada wa China ni kubwa kiasi kwamba mgeni huishangaa kwanza ndipo akumbuke kuuliza njia. Kati ya majengo kuna miti mingi, na kwenye miti kuna tumbili wasioogopa mtu. Mama alifungua mfuko wa maandazi karibu na bweni, akabakiwa na mfuko.

"Hao nao ni Baiolojia," alisema mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyejitolea kuwatembeza, dada aliyebaki chuoni kumalizia utafiti wake. Binti alicheka kwa mara ya kwanza tangu Singida.

Majengo ya sayansi hayana mvuto wa kadi ya posta. Ni ya zamani, korido ndefu, harufu ya kemikali na vumbi la chaki. Lakini ndiko mzazi anakopaswa kutumia muda, si Nkrumah. Katika idara ya botania kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa: majani, maua na vitawi vilivyobandikwa kwenye karatasi ngumu, kila kimoja na lebo yake inayosema kilichumwa wapi, lini na nani. Mmea uliochumwa miaka mingi iliyopita unaweza kulinganishwa leo na wa kijijani kwenu, ukajua kama ni ule ule ambao bibi alichemsha au ni pacha wake mwenye sumu. Kwa anayeandika au kusoma habari za dawa za asili, lebo hizo ni muhimu kuliko matangazo yote ya redioni.

Dada mwenyeji aliwaeleza mambo ambayo kwenye kitabu cha mwongozo yameandikwa kwa lugha ya kiofisi. Shahada ya kwanza ya sayansi ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Krediti moja ni saa 10 za kazi, ukijumlisha mihadhara, maabara na kujisomea. Kozi ya krediti 12, basi, inamdai mwanafunzi saa 120 ndani ya muhula mmoja. Mama alipiga hesabu kwenye simu, akamtazama binti yake bila kusema neno.

Alama nazo zina mpangilio wake. Kazi za muhula, yaani majaribio, ripoti za maabara na kadhalika, hubeba 40, na mtihani wa mwisho 60. Kijana aliyezoea kukesha wiki moja kabla ya mtihani wa taifa hugundua kwa kuchelewa kwamba 40 zake zilishaanza kuondoka wiki ya tatu, alipoona ripoti ya maabara ni jambo dogo. Wanaorudia mtihani, au "kusapu" kama wanavyosema wenyewe, wengi wao si wajinga. Walichelewa kujua mchezo umeanza.

Kisha lile swali la majina. Pale Mlimani pekee, mtu mwenye Baiolojia na Kemia anakutana na sayansi za mimea, zuolojia tumizi, wanyamapori na uhifadhi, maikrobaiolojia, biolojia ya molekuli na bioteknolojia, viumbe maji na uvuvi, na ile ya sayansi pamoja na ualimu. Mzazi huona shahada saba tofauti. Kwa kweli mwaka wa kwanza zinafanana kuliko zinavyotofautiana. Msingi wake ni chembe hai, urithi wa tabia, makundi ya viumbe, mazingira yao, kemia ya mwili na takwimu. Njia huanza kuachana mwaka wa pili, ambapo mmoja anavaa buti kwenda porini na mwingine anavaa koti jeupe kwenda kwenye mashine.

Ndiyo maana kozi za utangulizi si za kupita tu. Asiyeelewa jinsi chembe inavyogawanyika mwaka wa kwanza hataelewa urithi wa magonjwa mwaka wa pili, wala namna vimelea vya malaria vinavyojenga usugu dhidi ya dawa mwaka wa tatu. Vijana wengi huchagua zile kozi za hiari kwa kuuliza ipi ni laini. Afadhali waulize ipi itahitajika mbele. Dada mwenyeji alisema kama angerudi nyuma angechukua takwimu nyingine ya ziada mapema, kwa sababu utafiti wake wa mwaka wa mwisho ulikwama miezi miwili kwenye hesabu, si kwenye Baiolojia.

Kemia nayo isichukuliwe kirahisi. Kijana anayependa Baiolojia lakini anaikimbia Kemia asidanganywe na uzuri wa jina "molekuli". Pale kila siku ni Kemia. Huyo huenda angefurahi zaidi kwenye wanyamapori au mimea, ambako kazi kubwa ni kutazama, kuhesabu na kutembea. Na kijana anayechukia jua na nyoka asipelekwe wanyamapori kwa sababu baba alipendezwa na sare ya askari wa hifadhi.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali la mjomba. Je, akisoma maikrobaiolojia ataajiriwa maabara ya hospitali?

Hapa ndipo familia nyingi hupotezea pesa. Kupima damu na makohozi ya wagonjwa ni taaluma inayosimamiwa na sheria, na ina baraza lake linalosajili wataalamu wa maabara za afya. Shahada inayoandaa watu hao ni sayansi ya maabara za tiba, inayofundishwa kwenye vyuo vya afya kama Muhimbili, pale Upanga. Mwenye shahada ya maikrobaiolojia anajua bakteria vizuri sana, pengine kuliko huyo wa hospitali, lakini ujuzi huo peke yake haumpi leseni. Kazi zake ziko kwingine: viwanda vya vyakula na vinywaji, ubora wa maji, utafiti, ukaguzi wa bidhaa. Ni kazi halali na nzuri. Ila si ile ambayo mzazi aliiona kichwani alipouza ng'ombe. Kabla ya kuomba kozi yoyote yenye neno maabara, mzazi aliulize baraza husika kama wahitimu wa kozi hiyo husajiliwa. Ni swali la simu moja.

"Kumbe mjomba wako alitaka kutupoteza," mama alimwambia binti.

"Mjomba hakujua, mama."

"Sisi je, mwaka jana tulijua?"

Hawakuzungumza tena mpaka kituo cha Mwenge.

Kutoka Mwenge, Barabara ya Bagamoyo inakwenda kaskazini hadi Kunduchi Mtongani, kisha unashuka kuelekea baharini. Chuo kina kituo chake huko, na ndiko sayansi za viumbe maji na uvuvi zilipo. Karibu yake kuna magofu ya kale na makaburi ya nguzo, chini ya mibuyu, na soko la samaki ambako asubuhi wachuuzi hununua changu na vibua moja kwa moja kutoka kwenye mitumbwi. Mtu anaweza kusoma historia, uchumi na Baiolojia ya pwani ndani ya mwendo wa robo saa kwa miguu.

Maji yalikuwa yamekupwa. Maji yakikupwa ndipo wanafunzi wa bahari wanapofanya kazi. Fremu ya mraba inawekwa mchangani, kila kiumbe kilichomo kinahesabiwa na kuandikwa, kisha fremu inasogezwa hatua kadhaa na hesabu inaanza upya. Hivyo hivyo kutoka ukingoni hadi maji yanapoanza. Jua ni kali, mgongo unauma, daftari linalowa.

"Kumbe shahada ni kuhesabu kaa?" mama aliuliza, na hakuwa anatania.

Ni kuhesabu kaa, ndiyo, kwa namna ambayo mwaka ujao mtu mwingine akihesabu pale pale mtajua kama wanapungua. Bila hesabu hiyo, mvuvi anayesema samaki wameadimika na ofisa anayesema wapo wa kutosha wanabaki kubishana tu. Binti alikuwa amekwisha kuvua viatu. Aliinama muda mrefu juu ya dimbwi dogo lililobaki kati ya mawe, akamwita mama yake aje aone kitu, na mama, mwenye kanga yake nzuri ya safari, akaenda.

Siku ya tatu walipanda treni ya umeme kwenda Morogoro. Treni hiyo iliyoanza 2024 imeifanya safari ya kwenda kuangalia chuo na kurudi siku hiyo hiyo kuwa jambo la kawaida. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, kisha milima ya Uluguru inajitokeza upande mmoja, na hewa inabadilika.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko chini ya milima hiyo. Kilianzishwa 1984 kutokana na kitivo cha kilimo cha Mlimani, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine aliyefariki kwa ajali mkoani humo mwaka huo huo. Kampasi yake ya Mazimbu iliwahi kuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na bado ina jina la Solomon Mahlangu. Kwa mpenda Baiolojia, Morogoro ina faida moja ambayo Dar haiwezi kuinunua. Ukiinua macho unaona msitu wa kweli, wenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani, na chanzo cha mto Ruvu ambao maji yake ndiyo yanayonywewa Kimara kwa mjomba.

Hapo pia wapo panya buku. Shirika la APOPO, lenye makao yake chuoni hapo tangu 2000, linawafundisha panya wakubwa wa Kiafrika kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya ushujaa nchini Uingereza mwaka 2020. Kwa kifua kikuu, panya hupitishwa juu ya vishimo vyenye sampuli za makohozi yaliyokwisha kupimwa kliniki. Akihisi harufu ya ugonjwa husimama na kukwaruza. Anaweza kupitia sampuli 100 ndani ya dakika 20 hivi. Sampuli anazozishuku hupimwa tena na binadamu maabara, na wagonjwa walioambiwa ni wazima hutafutwa waanze dawa.

Mama, ambaye mdogo wake aliugua kifua kikuu na kuhangaika muda mrefu kabla ya kugundulika, aliuliza nani anawafundisha panya hao. Akajibiwa kuwa ni watu waliosoma tabia za wanyama, mifugo, Baiolojia. Si madaktari. Jibu hilo lilimkaa. Njiani kurudi kituoni alilirudia mara mbili: si madaktari.

Kwa kweli mambo mengi ya afya nchini hushikwa na watu ambao hawajawahi kuvaa kipima mapigo. Anayefuga mbu kwenye vizimba vya Taasisi ya Afya Ifakara ili kujua wanauma saa ngapi, anayechunguza samaki ziwani, anayefuatilia kichaa cha mbwa kwa wanyamapori: hao wote walianza na zile kozi za chembe na mazingira za mwaka wa kwanza. Lakini mzazi asidanganywe pia upande huo. Nafasi za utafiti ni chache, nyingi ni za mikataba ya miradi, na mara nyingi anayezipata ana shahada ya pili au amefanya kazi ya kujitolea. Anayetaka mshahara mapema akiwa na Baiolojia, ualimu wa sayansi unabaki kuwa njia iliyonyooka zaidi, hata kama vijana hukunja uso ukiutaja.

Usiku ule Kimara familia ilikaa chini na karatasi. Mjomba alikuwa amesikia habari za baraza la maabara, akanyamaza, kisha akasema yeye ushauri wake sasa ni wa bajaji tu. Waliweka mahesabu ya pesa kwanza. Mkopo wa Bodi, akiupata, unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, lakini si lazima ufike kwa ukamilifu, na muhula wa kwanza huanza kabla pesa haijatulia. Koti la maabara, buti, nauli ya kwenda kwenye mafunzo: hayo mama aliyaandika upande wake.

Suala la kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea lilijadiliwa pia. Mama alikuwa tayari kuuza tena mwaka mzima kwa ajili hiyo. Binti alikataa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba udaktari ulikuwa wazo la mwalimu wake na la mama, na kwamba yeye aliona raha pale Kunduchi kuliko siku yoyote aliyoota koti jeupe. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama huko baharini wanawake nao huajiriwa, na kama atahitaji kujua kuogelea.

Karatasi ilipomalizika ilikuwa na viumbe maji na uvuvi juu, wanyamapori ya Sokoine ikifuata, ya tatu sayansi na ualimu. Molekuli ilifutwa kwa sababu ya ile C ya Kemia, iliyopatikana kwa jasho na bila upendo. Maikrobaiolojia ilifutwa, ikarudishwa, ikafutwa tena.

Wakichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, itabidi binti athibitishe kimoja kwa namba ya siri itakayokuja kwa ujumbe wa simu, ndani ya muda uliopangwa. Wapo wanaopoteza nafasi kwa sababu walibadilisha laini katikati. Laini ya binti imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, na mama ameshatamka kwamba haiguswi na mtu mpaka chuo kifunguliwe.